Sakiti za Ulinzi katika Vigavi Umeme vya Redio za Ridhaa: Ulinganisho wa Gridi ya Mbarara na Sola ya Nakivale

Ikisiri

Redio ya mawimbi mafupi ni miongoni mwa njia chache za mawasiliano zinazoweza kufanya kazi pale mtandao wa simu unapokatika. Hata hivyo, redio hiyo haina faida iwapo kigavi umeme chake kitashindwa au, baya zaidi, kitaiunguza. Makala haya yanafafanua namna sakiti za ulinzi zinavyofanya kazi katika vigavi umeme vya volti 13.8 vinavyotumiwa na redio za ridhaa. Yanalinganisha mazingira mawili ya kusini-magharibi mwa Uganda: jiji la Mbarara, linalotumia umeme wa gridi, na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako paneli za sola na betri hutegemewa zaidi. Hoja kuu ni kwamba sakiti ile ile ya ulinzi huleta matokeo tofauti kulingana na chanzo cha umeme kilicho nyuma yake. Kwa hiyo, ununuzi wa vifaa unaozingatia wati na volti peke yake, bila kuuliza kifaa kitafanya nini kitakapoharibika, ni ununuzi wa hasara. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo kwa watunga sera na wataalamu.

Istilahi muhimu: kigavi umeme, sakiti ya mtaimbo, fyuzi, sola, redio ya ridhaa, Nakivale

1.0 Utangulizi

Makazi ya Nakivale yamo katika Wilaya ya Isingiro, karibu na mpaka wa Uganda na Tanzania. Yalianzishwa mwaka 1958 kuwahifadhi wakimbizi kutoka Rwanda, na leo ni makao ya watu zaidi ya 100,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Kwa sababu ya wingi wa Wakongo, Kiswahili ni lugha ya mawasiliano mapana katika masoko, makanisa na karakana za makazi hayo. Mji mkubwa ulio karibu ni Mbarara, uliopandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020.

Vilima vya Isingiro huzuia mawimbi ya redio ndogo za mkononi, ambazo mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyooka. Mawimbi mafupi, kwa mfano ya megahezi 7, yana sifa nyingine: yakirushwa juu kwa antena ya waya iliyotandazwa mita chache kutoka ardhini, hugonga tabaka la ayoni angani na kurudi chini katika eneo lenye nusu kipenyo cha mamia ya kilomita. Vilima havina nafasi ya kuyazuia. Hii ndiyo sababu redio za ridhaa zina nafasi katika mipango ya dharura. Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, katika Ibara ya 25 iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2003, zinazihimiza serikali kuviwezesha vituo vya ridhaa kujiandaa kwa ajili ya misaada wakati wa maafa. Nchini Uganda, leseni za vituo hivyo hutolewa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda, na alama za wito huanza na 5X.

Mijadala ya sera kuhusu redio za dharura aghalabu hukomea kwenye leseni, masafa na bei ya redio. Chombo kinachoiwezesha redio kuishi, yaani kigavi umeme ambacho mafundi wengi hukiita pawa saplai, husahauliwa. Makala haya yanakirejesha chombo hicho katikati ya mjadala. Kwa ajili ya ufafanuzi, yanachukua vituo viwili vya mfano: kimoja mjini Mbarara kinachotumia gridi ya volti 240, na kingine Nakivale kinachotumia paneli ya sola, kidhibiti chaji na betri ya asidi na risasi ya ampea-saa 100.

2.0 Mahitaji ya redio yenyewe

Redio nyingi za ridhaa zenye uwezo wa kurusha wati 100 hutumia umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 13.8. Watengenezaji wengi huruhusu tofauti ya asilimia 15 juu au chini, yaani kati ya takriban volti 11.7 na 15.9. Inapopokea, redio hutumia ampea moja hadi mbili. Inaporusha kwa nguvu zote, huhitaji ampea 20 hadi 22.

Takwimu hizi zinaonyesha ugumu wa kazi. Kigavi kinatakiwa kuhimili mruko wa mkondo wa zaidi ya mara kumi kila mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kuongea, bila volteji kushuka sana wala kupanda. Aidha, nafasi kati ya volteji ya kawaida na ile inayoweza kuiua redio ni kama volti mbili tu. Sakiti ya ulinzi huishi ndani ya nafasi hiyo finyu.

3.0 Hatari na sakiti zinazozikabili

3.1 Volteji kupita kiasi: sakiti ya mtaimbo

Kigavi cha jadi kina transfoma inayopunguza volti 240, daiodi zinazogeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, kapasita kubwa ya kuchuja, na transista za nguvu zinazopunguza volteji hadi 13.8. Kabla ya transista hizo, volteji huwa kati ya 20 na 24. Transista ya nguvu inapokufa, mara nyingi hufa kwa kuungana ndani kwa ndani, na volti zote hizo hupita moja kwa moja hadi kwenye redio.

Kinga ya hali hiyo ni sakiti ya mtaimbo. Jina hilo limetokana na picha ya mtu anayeangusha mtaimbo wa chuma juu ya nyaya mbili za umeme ili kuziunganisha kwa makusudi. Daiodi ya Zener hupima volteji ya pato. Ikifika takriban volti 15, huamsha thairista iliyounganishwa kati ya chanya na hasi. Thairista hufunguka kwa muda wa mikrosekunde na kusababisha shoti ya makusudi; volteji huporomoka hadi karibu volti moja, na fyuzi iliyo kabla ya transista huungua. Redio hubaki salama, na kinachopotea ni fyuzi.

Sakiti hii ina udhaifu mmoja unaopaswa kujulikana. Mawimbi ya redio yenyewe yanaweza kuingia kwenye lango la thairista na kuifyatua bila sababu. Fundi asiyelijua tatizo hili huona kigavi kinachokata fyuzi ovyo, na huamua kuing'oa thairista. Kuanzia siku hiyo kigavi hufanya kazi vizuri, hadi transista itakapokufa. Tiba sahihi ni kuweka kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.01 hadi 0.1 kwenye lango la thairista na kupitisha nyaya za pato katika pete za feraiti.

3.2 Mkondo kupita kiasi: ukomo na fyuzi

Pato la kigavi likipata shoti, transista za nguvu hubeba mzigo wote. Kigavi chenye ukomo wa kawaida wa ampea 25 na volti 22 ndani yake kitalazimika kutawanya joto la wati 550 muda wote shoti inapodumu. Ndiyo maana vigavi vingi hutumia ukomo unaorudi nyuma: mzigo unapozidi, sakiti hupunguza volteji na mkondo kwa pamoja. Mkondo ukishushwa hadi ampea 5, joto hupungua hadi wati 110, kiasi ambacho bamba la kupoozea linaweza kukimudu. Kasoro yake ni kwamba kifaa kinachovuta mkondo mkubwa wakati wa kuwashwa kinaweza kukifanya kigavi kikwame na kukataa kuanza.

Nyuma ya ukomo huo husimama fyuzi, ambayo mara nyingi ndiyo ya kwanza kuharibiwa na mazoea. Desturi ya kuziba nafasi ya fyuzi kwa kipande cha waya inafahamika kote Afrika Mashariki. Ni vyema gharama ya desturi hiyo ielezwe kwa tarakimu: unyuzi wa shaba wenye kipenyo cha milimita 0.2 huyeyuka kwa takriban ampea 7, lakini waya wa milimita 1 huhitaji takriban ampea 80. Anayeweka waya huo badala ya fyuzi ya ampea 25 ameuondoa ulinzi, ingawa mwanga wa kifaa umerudi.

3.3 Kugeuzwa kwa nguzo za umeme

Kuunganisha chanya mahali pa hasi ni kosa la sekunde moja, na hutokea zaidi pale betri zinapohamishwa mara kwa mara. Kinga iliyozoeleka ni daiodi iliyowekwa sambamba na redio: nguzo zikigeuzwa, daiodi hupitisha mkondo na fyuzi huungua. Njia nyingine ni daiodi ya Schottky iliyowekwa katika mfuatano, lakini hupoteza takriban volti 0.5, kwa ampea 22, hizo ni wati 11 za joto. Transista ya mosifeti yenye ukinzani wa miliomu 5 hupoteza volti 0.11 tu, yaani wati 2.4 hivi. Kwa kituo cha sola, ambako kila sehemu ya volti ina thamani, mosifeti ndilo chaguo bora. Kinga rahisi kuliko zote, hata hivyo, ni kutumia plagi ya aina moja isiyoweza kuchomekwa kinyume katika vifaa vyote vya kituo.

3.4 Misukosuko ya gridi na radi

Kwa kituo cha Mbarara, hatari nyingi huingilia upande wa volti 240. Varista hufyonza mishtuko mifupi ya volteji, lakini haiwezi kuhimili volteji iliyopanda kwa muda mrefu. Mathalani, waya wa nyutro ukikatika katika mtandao wa fezi tatu, soketi ya nyumbani inaweza kupata volteji inayokaribia 415. Varista ya volti 275 katika hali hiyo hupata moto na hata kupasuka. Inahitaji kusaidiwa na relei inayokata volteji inapokuwa juu au chini ya mipaka, na inayosubiri dakika chache kabla ya kurejesha umeme. Vifaa vya namna hiyo tayari vinauzwa kwa ajili ya kulinda majokofu, na vinaweza kutumika mbele ya kigavi cha redio.

Radi haina sakiti ya kuizuia inapopiga moja kwa moja. Mirija ya gesi kwenye waya wa antena na uunganishaji wa vifaa vyote kwenye sehemu moja ya ardhi hupunguza madhara ya radi iliyopiga mbali kidogo. Radi inapokaribia, kanuni ni kuchomoa antena na umeme, na watu kukaa mbali na mlingoti. Umuhimu wa jambo hili si wa kinadharia: Novemba 2024, radi iliwaua watu 14 waliokuwa wamekusanyika katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, Wilaya ya Lamwo. Mlingoti wa antena katika makazi yenye majengo mepesi ni suala la usalama wa umma kabla ya kuwa suala la mawasiliano.

4.0 Sakiti moja, vyanzo vitatu

Ufafanuzi uliotangulia umeegemea kigavi cha transfoma. Swali linalohusu Nakivale ni hili: nini hutokea sakiti hizo hizo zinapohamishiwa kwenye betri na sola? Sakiti ya mtaimbo inatoa jibu lililo wazi.

Katika kigavi cha transfoma, thairista inapofyatuka, ukinzani wa transfoma huuwekea mkondo mpaka na fyuzi huungua kwa utaratibu. Hivi ndivyo sakiti ilivyokusudiwa.

Nyuma ya betri hali ni nyingine. Betri ya ampea-saa 100 ina ukinzani wa ndani wa miliomu chache tu. Tukichukua miliomu 6 za betri na miliomu 18 za nyaya, mkondo wa shoti unazidi ampea 500. Fyuzi ndogo za kioo, zinazofaa ndani ya vifaa vya nyumbani, nyingi hazina uwezo wa kukata mkondo mkubwa kiasi hicho. Mwale wa umeme unaweza kuendelea kuruka ndani yake baada ya unyuzi kuyeyuka. Fyuzi bapa za magari huweza kukata hadi ampea 1,000 katika volti 32, nazo hupatikana kwa urahisi zaidi. Zinapaswa kuwekwa sentimita chache kutoka nguzo chanya ya betri, kwa sababu waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna ulinzi wowote. Katika nyumba yenye turubai au nyasi, waya huo ni chanzo cha moto.

Nyuma ya paneli ya sola hali hugeuka tena. Paneli ya wati 100 haiwezi kutoa zaidi ya ampea 6 hivi hata ikiwekewa shoti. Kwa hiyo fyuzi ya ampea 25 haitaungua kamwe. Thairista ikifyatuka itaendelea kupitisha mkondo hadi jua lizame, na kituo kitakosa umeme bila dalili yoyote ya kuungua kwa kitu. Fundi atakagua fyuzi, ataiona nzima, na kutafuta kosa mahali pasipo na kosa.

Kuna hatari nyingine iliyofichika zaidi. Paneli ya seli 36, inayoitwa ya volti 12, hutoa volti 21 hadi 22 isipokuwa na mzigo. Kinachoizuia volteji hiyo isifike kwenye redio ni betri yenyewe, ambayo huishikilia volteji ya mfumo chini ya 15. Katika baadhi ya vidhibiti chaji vya bei nafuu, betri ikitoka kwenye mfumo wakati wa mchana, mizigo iliyobaki hupokea volteji inayokaribia ile ya paneli. Betri inaweza kutoka kwa sababu ya nguzo iliyolegea au yenye kutu. Inaweza pia kutoka kwa sababu fyuzi yake imeungua. Hapo kifaa cha ulinzi chenyewe ndicho kinacholeta hatari: fyuzi iliyookoa nyaya imeikabidhi redio kwa paneli.

Suluhisho lina sehemu mbili. Kwanza, redio isiunganishwe kwenye kidhibiti chaji bali kwenye betri moja kwa moja, kwa fyuzi yake yenyewe, na kidhibiti chaji kiwe na fyuzi nyingine. Fyuzi ya redio ikiungua, redio haipati kitu. Fyuzi ya kidhibiti ikiungua, paneli ndiyo inayotengwa. Gharama ya mpangilio huu ni fyuzi moja ya ziada. Pili, mbele ya redio iwekwe sakiti ya kukata katika mfuatano: kilinganishi cha volteji kinachofunga mosifeti pindi volteji inapozidi 15.5. Sakiti hiyo haitegemei fyuzi kuungua, na kwa hiyo hufanya kazi sawasawa nyuma ya transfoma, betri au paneli.

5.0 Volteji ya chini na unene wa waya

Nakivale, tishio la kila siku kwa redio si volteji kuzidi bali kupungua. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una ukinzani wa miliomu 7.4 kwa mita. Betri ikiwa mita 5 kutoka kwenye redio, mkondo husafiri mita 10 kwenda na kurudi. Kwa ampea 22, volti 1.6 hupotea njiani. Betri ikiwa na volti 12.4, redio hupata 10.8, chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Redio itazimika kila inaporusha, na betri itasingiziwa ubovu. Waya wa milimita za mraba 10 hupoteza volti 0.4 tu, na redio hupata 12.0. Mnunuzi ahakikishe pia kuwa waya ni wa shaba tupu. Waya wa alumini uliopakwa shaba una ukinzani mkubwa zaidi kwa unene ule ule.

Betri nayo inahitaji kulindwa dhidi ya redio. Betri ya asidi na risasi inayotumiwa mara kwa mara hadi kuisha hupoteza uhai wake haraka. Sakiti ya kukata volteji ya chini hukata mzigo kwenye takriban volti 11.5 na kuurudisha betri inapofika 12.6. Pengo kati ya viwango hivyo ni la lazima, la sivyo relei itawaka na kuzima mfululizo. Kadhalika, sakiti isubiri sekunde kadhaa kabla ya kukata, ili mshuko wa muda mfupi wakati wa kurusha usichukuliwe kuwa betri imekwisha.

Ipo pia kinga isiyohitaji kifaa chochote, nayo ni kupunguza nguvu ya kurusha. Kutoka wati 100 hadi 25, ishara hushuka kwa desibeli 6, yaani hatua moja tu kwenye kipimo cha redio ya mpokeaji. Kwa umbali wa Nakivale na Mbarara, upungufu huo mara nyingi huvumilika. Mkondo unaohitajika hushuka pakubwa, na pamoja nao hushuka joto, upotevu katika nyaya na uchakavu wa betri.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba ulinzi si sifa ya kifaa peke yake, bali ni uhusiano kati ya kifaa na chanzo cha umeme. Kigavi kilichobuniwa kwa ajili ya gridi kinaweza kuwa bora Mbarara na kuwa mtego Nakivale, bila kubadilishwa hata skrubu moja. Kutokana na hoja hii, mambo manne yanapendekezwa.

(a) Zabuni za vifaa vya redio kwa ajili ya makazi ya wakimbizi zieleze, pamoja na wati na volti, kifaa kitafanya nini katika hali tatu: betri inapotoka mchana, pato linapopata shoti, na nguzo zinapogeuzwa.

(b) Vifaa vijaribiwe katika hali hizo kabla ya kupokelewa. Jaribio linahitaji betri, paneli, mzigo wa bandia na mita ya volteji. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, kiko katika nafasi nzuri ya kuliendesha na kuwashirikisha wanafunzi wake.

(c) Kila kituo kipewe akiba ya fyuzi sahihi, zikihesabiwa kuwa sehemu ya bei ya kituo. Fundi asiye na fyuzi atatumia waya, na lawama haitakuwa yake peke yake.

(d) Mafunzo na michoro ya sakiti itolewe kwa Kiswahili, pamoja na lugha nyingine za makazi. Fundi aliyeelezwa kwa nini mtaimbo huangushwa hatauondoa ili fyuzi isiungue; atatafuta kwanza sababu iliyouangusha. Hapo redio itakuwa na nafasi ya kusikika siku itakapohitajika.